Mwingereza akisema "brilliant" anamaanisha nini?

Mpagazi_Moshi: Wakuu habari zenu, mimi napandisha wageni mlima Kilimanjaro njia ya Machame, sasa kuna hawa Waingereza kila ukiwapa kitu ni brilliant, chai brilliant, maji ya kunawa brilliant, kamusi inaniambia ni kitu kinachong'aa sana au mtu mwenye akili nyingi, chai inang'aaje jamani??

Dada_Soweto: Hahaa usihangaike kaka, kwa Waingereza hiyo ni safi sana tu, wanaimwaga hovyo. Mmarekani mara nyingi anamsifia mtu kichwa au wazo kali. Ila sikiliza sauti, mvua ikiwapiga pale kambi ya Shira mtu akasema oh brilliant huku kanuna, hapo ni kejeli, usimchekee.

Mawe_Arusha: Asili yake Kifaransa, briller, kung'aa. Sisi wa mawe ya vito huku Arusha brilliant ni mkato wa jiwe kabisa, ule wa duara wenye nyuso 57 au 58 zilizopangwa ili mwanga ukiingia kwa juu urudi juu kwenye jicho lako usipotelee chini, hesabu zake za almasi alizichapisha mhandisi Marcel Tolkowsky 1919. Hata tanzanite ya Mererani inakatwa hivyo, ingawa duara linakula sana jiwe, binafsi roho inaniuma.

Mpagazi_Moshi: Asanteni. Na bright and early je? Wamesema kesho tuondoke hivyo

Dada_Soweto: Alfajiri na mapema hiyo. Weka alamu.