Muuaji namjua tayari, kwa nini bado narudia riwaya za upelelezi za zamani?

Mpangaji_Ghorofani
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mgonjwa wa riwaya za upelelezi za kale, zile za kina Philip Marlowe na Sam Spade, jamaa wa makoti marefu na kofia, Los Angeles na San Francisco ya enzi hizo. Sasa wiki hii nimerudia The Big Sleep ya Raymond Chandler, muuaji namjua, nani kamzunguka nani najua, na bado nimekesha nayo mpaka adhana ya alfajiri. Wife ananiuliza sasa unatafuta nini humo na mwisho unaujua, nikabaki natoa macho. Tamthilia za siku hizi nikishajua nani kaua basi, siigusi tena. Hizi za kale zina kitu gani? Na msiniambie nakumbuka ujana, kitabu kimetoka 1939 hata babu alikuwa hajaoa.

Kobe_Mzee
Mkuu, Chandler mwenyewe suala la nani kaua halikumkosesha usingizi. Wakati wanatengeneza muvi ya hicho kitabu, ile aliyoigiza Bogart iliyotoka 1946, kuna dereva wa ile familia ya kitajiri anakutwa kafa, gari limetumbukia baharini, sasa mwongozaji Howard Hawks na waandishi wake wakachambua weee wakashindwa kujua nani kamuua, ikabidi wampelekee Chandler telegramu. Akajibu hata yeye hajui 😂😂 Muvi ikatoka hivyo hivyo na watu wanaiangalia mpaka leo. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hukuwahi kusoma kwa ajili ya muuaji, ulikuwa unamfuata Marlowe.

Angalia ile sehemu ya mwanzo anapoitwa na jenerali. Mzee tajiri wa mafuta, hajiwezi, kawekwa kwenye kibanda cha vioo katikati ya maua, joto la kufa mtu, lakini kajifunika blanketi, na raha yake iliyobaki ni kumtazama mgeni anavyokunywa brandi maana yeye haruhusiwi tena. Marlowe anavua koti jasho linamtiririka. Dola 25 kwa siku na gharama zake, ndiyo bei ya kuambiwa siri za nyumba hiyo. Na usidhani Chandler alikuwa anabuni tu matajiri wa mafuta, alikuwa bosi kabisa kwenye kampuni ya mafuta huko huko Los Angeles mpaka 1932 alipofukuzwa, pombe ikiwa mojawapo ya sababu, ndo akaanza kuandikia majarida ya bei chee. Hiyo riwaya yake ya kwanza imetoka ana miaka 50 na ushee. Mtu wa umri huo hakuandikii fumbo, anakuandikia watu aliowaona.

BintiKisauni
Kobe nakubali kiasi. Ila mbona hamsemi habari ya wanawake humo jamani, maana dada akishaingia ofisini kwa mpelelezi na machozi na manukato, jua kuna maiti inakuja na yeye ndiye mwenye lawama. Hilo linanikera kila nikisoma na bado nasoma, sijui tuseme nini.

Mimi wangu ni Hammett, mwandishi wa huyo Sam Spade, Chandler ana maneno mengi mno. Hammett alikuwa mpelelezi kweli, aliajiriwa na kampuni ya upelelezi ya Pinkerton akiwa kijana, amefuatilia watu mitaani kwa mshahara, ndiyo maana kwake upelelezi ni kazi kama kazi nyingine, kungoja, kudanganywa, kukosa usingizi. Halafu ile ya sanamu ya ndege, The Maltese Falcon ya 1930, kitabu kizima watu wanauana kwa sababu yake, mwisho yule bwana mnene anayeiwinda anachukua kisu kidogo anakwangua rangi nyeusi taratibu akitegemea dhahabu na vito, anakuta madini ya risasi tupu. Feki! Na hakai chini kulia, anajikusanya na kuanza kupanga safari ya kwenda kuitafuta ya kweli. Hapo ndipo hurudi mimi, si kwa muuaji.

Juma_Kaptula
Binti umetumaliza, mimi nilikuwa naitafuta hiyo 😭

BintiKisauni
Pole kaka, ina miaka karibu mia sasa, ungejihimu. Na mada yenyewe si inasema mwisho hauna maana?

Mjukuu_wa_Forodhani
Assalaam alaykum jamaa zangu. Mie naona mnakwenda mbali, kwetu Unguja tunaye mpelelezi wetu, Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960. Kweli kamtazama Sherlock Holmes, kiko anacho, na Najum wa kumuuliza maswali anaye, hilo halifichiki. Lakini maiti inakutwa mzimuni, na mtaa mzima una la kusema kuhusu mzimu huo, yeye anavuta kiko chake tu na kuwauliza watu habari za ukoo. Maana fumbo la Bwana Msa mara nyingi ni nasaba, nani mtoto wa nani, nani kafichwa nini na wazee wake. Marlowe anafuata pesa za mafuta, huyu anafuata damu. Nikikisoma nasikia Kiswahili cha barazani cha kabla ya Mapinduzi, namna watu wanavyopigana vijembe kwa adabu, sasa hapo muuaji wa nini?

Kobe_Mzee
Sheikh hapo umenikamata. Bara tulikuwa na Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, ila wale ni mwendo wa bastola na ndege, ukishamaliza umemaliza. Bwana Msa anarudiwa.

Juma_Kaptula
Joram Kiango asiguswe humu tafadhali, nimerudia Mtobwa mpaka jalada likabanduka!

Mpangaji_Ghorofani
Juma anzisha uzi wako tuje kukubishia huko 😄 Wife kasoma majibu yote, kasema anaanza na huyo wa Unguja, Marlowe ni mlevi. Mwenye nakala ya Mzimu hapa Dar aje inbox, naazima au nanunua, ilimradi kurasa za mwisho ziwepo.

BintiKisauni
Kurasa za mwisho za nini tena wewe?