Gitaa la marehemu baba mdogo (Fender Stratocaster): fundi anataka kulichonga na kulipaka rangi upya, nimruhusu?

Kijana wa Rithimu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Baba mdogo alitutoka mwaka jana. Enzi zake alipiga rithimu kwenye bendi za dansi hapa Morogoro, na familia imeamua gitaa lake la umeme nibaki nalo mimi, kwa kuwa ndiye ninayepiga, japo ni kanisani na kwa gitaa la kuazima. Kichwani limeandikwa Fender Stratocaster kwa herufi nyeusi. Ni zito kwelikweli. Rangi ni kahawia inayokolea hadi nyeusi pembeni, na pale mkono wa kulia unapolalia pamelika mpaka mbao inaonekana.

Nilimpelekea fundi kwa sababu linanguruma mno likichomekwa kwenye ampu, halafu ule uzi wa kwanza, mwembamba, ukiubonya kuanzia freti ya kumi kwenda juu unateleza na kutoka nje ya shingo. Fundi kasema shingo imekufa, inunuliwe nyingine. Mngurumo nao dawa yake ni kuchonga mbao na kuweka pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) nene, zile hambaka. Na akishachonga, basi alikwangue lote alipake rangi nyekundu lionekane jipya. Bei aliyotaja si kubwa.

Mimi nataka gitaa la kupigia, si pambo la ukutani. Ila mkono unasita. Nimruhusu?

Solo la Pili

Usithubutu! Nenda kalichukue leo hii. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi, na thamani inaondoka nayo. Tupe vielelezo kwanza: kichwa chake kikubwa au kidogo? Nyuma, lile bamba linaloshika shingo lina skrubu ngapi? Nambari iko wapi?

Kijana wa Rithimu

Ninalo nyumbani, mkuu. Kichwa ni kikubwa, na pale nyuma ya kile kipande zinapopita nyuzi kuna kitu kinachungulia kama kichwa cha risasi. Nyuma kuna skrubu tatu, bamba lina herufi F kubwa na katundu kadogo. Nambari iko mbele ya kichwa, inaanza na S8. Vifuniko vya pikapu ni vyeusi. Swichi inakaa sehemu tano.

FundiAmpu

Kama vyote hivyo ndivyo vilivyotoka navyo kiwandani, gitaa limeshataja umri wake lenyewe.

Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 shingo ilishikwa na skrubu nne. Tatu zilikuja 1971, pamoja na hicho kichwa cha risasi, ambacho ni mahali pa kukazia chuma kilichopita ndani ya shingo. Kichwa kikubwa kilianza mwishoni mwa 1965, miezi kadhaa tu baada ya Leo Fender kuiuzia CBS, shirika la utangazaji la Marekani, kampuni yake kwa dola milioni 13. Nambari ilitoka kwenye bamba la nyuma ikahamia kichwani 1976. Swichi ya sehemu tano kiwanda kilianza kuiweka 1977. Kabla ya hapo zilikuwa tatu, na wapigaji waliikwamisha swichi kati ya nafasi na nafasi kwa makusudi ili pikapu mbili zilie kwa pamoja. S8 ni 1978, ingawa nambari zile hupishana kidogo na mwaka wenyewe.

Ukitaka uhakika zaidi, legeza nyuzi, fungua lile bamba la plastiki la mbele uangalie mgongoni mwa voliumu. Utakuta tarakimu zimegongwa. Zikianza na 137 ni za kampuni ya CTS, mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Usichomoe waya wowote, na piga picha ya risasi ya kuchomelea waya ilivyo kabla hujagusa kitu.

Sasa shingo. Haijafa, imesogea. Huo ndio ugonjwa maarufu wa skrubu tatu: gitaa likigongwa au likivutwa kwenye begi, shingo inahama kidogo kwenye tundu lake, na uzi wa kwanza unajikuta ukingoni. Legeza nyuzi zibaki na mkazo mdogo tu, legeza skrubu zote tatu kiasi, kisha vuta kichwa taratibu kuelekea upande wa uzi wa sita, mnene, huku ukiangalia nyuzi zinavyokaa juu ya freti za mwisho. Zikiachana sawa na kingo zote mbili, kaza. Hako katundu kwenye bamba kana skrubu ya kubadilisha mlalo wa shingo, kaache kama kalivyo.

Mzee wa Besi

Kijana, pole kwa msiba.

Nikuulize swali la kizee: una hakika lilikuwa lake? Enzi zetu mpiga muziki kumiliki gitaa ilikuwa nadra. Vyombo vilikuwa vya bendi, na bendi ni ya jumuiya au ya tajiri. Ukihama bendi unaondoka na mikono yako tu. Ndiyo maana wengine walihama usiku, lakini hayo si ya kuandika hapa.

Kijana wa Rithimu

Shikamoo mzee. Mama mdogo anasema alilinunua mwenyewe miaka ya tisini, bendi ilipovunjika wakauza vyombo. Zaidi ya hapo hatujui.

Mzee wa Besi

Marahaba. Basi ni lako, piga.

Nyuzi Sita

Mimi nitakuwa tofauti na wenzangu. Gitaa la enzi za CBS, zito, skrubu tatu, linanguruma. Wanaojua wanatafuta yale ya kabla ya 1965. Uza kwa mzungu mmoja asiye na haraka, nunua Les Paul, gitaa la Gibson. Hambaka hazingurumi, sauti nene, habari imeisha.

FundiAmpu

Mkuu Nyuzi Sita, Les Paul ilipotoka 1952 kule Kalamazoo, Michigan, haikuwa na hambaka. Ilikuwa na pikapu za P-90, koili moja moja, nayo ilinguruma vilevile. Hambaka ni kazi ya Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliyeomba hataza 1955, na zikaanza kuwekwa kwenye magitaa 1957.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo fundi wa Morogoro anapotaka kumwingiza kijana hasara. Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Tatizo ni kwamba koili hiyo hiyo inanasa pia mawimbi ya umeme wa nyumba, ambao kwetu ni hezi 50, na ndio huo mngurumo. Lover aliweka koili mbili, ya pili imezungushwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa. Mngurumo unaingia kwenye koili zote mbili ukiwa umepingana, unajifuta. Sauti ya uzi inaingia ikiwa imeelekea upande mmoja, inajumlishika. Uzuri mtupu. Ila katika kujumlishika huko ule mlio mkali wa juu unapungua, na rithimu ya dansi inaishi kwenye ule mlio. Baba mdogo wake angekuwa na Les Paul angesikika tofauti kabisa.

Halafu tofauti kubwa kuliko zote haimo kwenye pikapu. Leo Fender hakujua kupiga gitaa, mpaka kufa kwake. Alikuwa fundi wa redio pale Fullerton, California, na alitengeneza gitaa jinsi fundi redio anavyotaka kifaa kiwe: kifunguke. Shingo inatoka kwa bisibisi. Pikapu zote tatu, swichi na voliumu vimefungwa kwenye bamba moja la plastiki, unaligeuza kazi yote iko mbele yako. Les Paul ni seremala wa zamani anayejua kazi: mwili wa mahogani, juu mbao ya mepo iliyochongwa kwa mbinuko, shingo imegandishwa kwa gundi, kichwa kimelala nyuma kwa digrii 17. Inapendeza, lakini ikianguka kwa mgongo kichwa kinakatika, na hapo unahitaji fundi mbao wa kweli, si bisibisi.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuchonga Stratocaster ili aitengeneze hajaelewa alichoshika mkononi.

Solo la Pili

Niongeze hapo. Kijana kasema rangi imelika mkono unapolalia. Huo mteremko wa mbao haukuwekwa kwa urembo. Gitaa la Fender lililotangulia, lile la 1950 lililokuja kuitwa Telecaster, lilikuwa ubao bapa wenye kona kali, na wapigaji kama Bill Carson na Rex Gallion walilalamika kwamba linawachoma mbavu. Ndiyo maana Stratocaster imekatwa mteremko mbele kwa ajili ya mkono na ikachimbwa nyuma kwa ajili ya mbavu. Mtu kaipiga miaka mingi mpaka rangi imeisha palepale ilipotarajiwa aweke mkono, halafu leo uipake nyekundu!

Na kuhusu CBS: Jimi Hendrix pale kwenye tamasha la Woodstock 1969 alikuwa na Stratocaster ya kichwa kikubwa. Sikumbuki mtu aliyemwambia akaibadilishe.

Benga Kisumu

Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Hiyo noise si kitu. Weka swichi nafasi ya pili au ya nne, pikapu mbili zinalia pamoja, mngurumo unakwisha. Mimi ndivyo ninavyofanya na yangu.

FundiAmpu

Yako ni ya karibuni, ndugu. Hizo pikapu ya katikati imezungushwa kinyume, kwa hiyo nafasi ya pili na ya nne zinafanya kazi ya hambaka. Za 1978 zote tatu zimezungushwa mwelekeo mmoja, atapata sauti tamu lakini mngurumo uko palepale.

Kijana, fanya hivi. Washa ampu, usipige kitu, shika nyuzi kwa kiganja. Mngurumo ukipungua, waya wa kuunganisha nyuzi na ardhi uko salama. Usipobadilika, geuza gitaa, fungua kifuniko cha nyuma kwenye springi, na uangalie waya uliochomelewa kwenye kile chuma kinachoshika springi. Kwenye magitaa ya umri huu huwa umeachia. Kisha jaribu kebo nyingine, zima taa za mirija, ukae mbali kidogo na ampu. Ukishindwa kabisa, kuna karatasi nyembamba ya shaba yenye gundi ya kubandika ndani ya matundu ya pikapu. Mngurumo hautaisha wote, ila utapigika, na siku yoyote unaibandua.

Na ampu unayotumia inapata umeme wenye waya wa ardhi? Kama soketi ya kanisani ni ya pini mbili, nyuzi mkononi na maikrofoni mdomoni vitakupiga shoti siku moja. Hilo ni kubwa kuliko mngurumo.

Kijana wa Rithimu

Wakuu, mrejesho.

Shingo nimeivuta, ilisogea kama unene wa kucha. Uzi wa kwanza sasa unakaa hadi freti ya mwisho. Voliumu zote tatu zinaanza na 137 78. Ule waya wa springi ulikuwa umekatika kweli, umebaki kipande chenye kutu. Nimeuchomelea, na sasa nikishika nyuzi mngurumo unashuka zaidi ya nusu. Fundi nimempigia nimemwambia asante, basi.

Maswali mawili. Vile vijiskrubu vidogo vya kunyanyua nyuzi pale kwenye daraja vimeshika kutu, havizunguki. Na ule mkono wa tremolo (fimbo ya kuyumbisha sauti) haupo, nataka kununua.

Solo la Pili

Vijiskrubu: tone la mafuta mepesi, acha mpaka kesho, usilazimishe. Ukiviringa kichwa ndani umekwisha.

Na siku ukichoka na rithimu, toa uzi wa nne uweke mwembamba unaolia oktava moja juu. Ndiyo mi-composé ya Wakongo hiyo, na kwa gitaa hilo italia vizuri mno.

FundiAmpu

Mkono angalia ridi (mikato ya skrubu) kabla hujatoa hela. Za Marekani za miaka hiyo ni ridi ya inchi, 10-32. Za Japani na nyingi za Meksiko ni za milimita, na ndizo zimejaa madukani. Ya milimita inaweza kuingia mizunguko ya mwanzo ukadhani imekubali, ukikaza inakula ridi ya chuma kizima cha daraja. Ikianza kukaza kabla haijafika chini, itoe uirudishe dukani.