Fundi laptop wa hapa Mtwara mjini, Mungu anakuona! Nimeitwa BWANA HARUSI mbele ya kadamnasi

Mpiga Mbizi wa Shangani:
Wakuu, naandika natetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie. Mnamjua. Huyohuyo. Wa karibu na stendi, anayechomeka bisibisi sikioni kama sigara. Jina silitaji, akipita hapa atajijua.

Laptop yangu ilikuwa inachemka hadi ungekaangia korosho juu yake. Jumatatu nikampelekea asafishe feni. FENI. Nenosiri sikumpa makusudi, feni haina nenosiri.

Leo alasiri naifuata, nasikia sauti yangu tangu ng'ambo ya barabara. Sauti yangu mimi! "Wazee wangu, nimekuja mikono mitupu, ila moyo..."

Ni video niliyojirekodi usiku chumbani. Kanzu, baraghashia, bakora ya marehemu babu, najifunza maneno ya kuwaambia wakwe siku wakiniita. Dakika kumi na moja. Ya saba nalia. Kwenye benchi pale watu kama mia nne hivi (benchi la watu watatu), muuza kahawa kaacha birika linapoa. Jamaa akageuka, akaninyooshea bisibisi: "Bwana harusi huyo kaja!"

Bwana harusi! Barua ya posa haina hata salamu!

Namuuliza umeingiaje bila nenosiri, anacheka. "La nini? Nimechomoa diski nikaichomeka kwenye mashine yangu, naangalia kama ni nzima." Halafu elfu kumi na tano. Na nikatoa! Naondoka, muuza kahawa naye: "Kila la heri, bwana harusi."

Korosho Ghafi:
Video iko wapi mkuu? Tusihukumu upande mmoja.

Mwana wa Feri:
Posa anapeleka mshenga. Wewe bakora ulikuwa unajifunzia kumpiga nani?

Betri Kavu:
Pole, ila ulijidanganya mwenyewe. Nenosiri la Windows ni kufuli kwenye mlango wa nyumba ya makuti. Kama diski haijafungwa kwa ufunguo wa siri, mafaili yamelala wazi, skurubu mbili imetoka, inasomeka kwenye mashine yoyote. Au anawasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, Windows yako haiamki hata kukohoa. Nenosiri la BIOS nalo (ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows), mashine nyingi za zamani unatoa kile kibetri cha mviringo, limesahaulika. Microsoft wenyewe waliandika mwaka 2000 kwamba mtu mbaya akiishika kompyuta yako bila kizuizi, hiyo si yako tena. Funga diski yenyewe kwa programu ya kuifunga kwa siri, BitLocker au VeraCrypt. Na ukiipeleka, izime kabisa, usiilaze tu, maana ikilala ufunguo unabaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton waliigandisha RAM kwa ubaridi wakautoa ufunguo humo.

Mpiga Mbizi wa Shangani:
Ubaridi huo Mtwara hii atautoa wapi, kwa wauza samaki? Hoja yangu siyo diski. Hoja ni BWANA HARUSI. Alinyoosha bisibisi!

Msomi Njaa:
Huyo Betri Kavu msimsikilize. Niliwasha BitLocker yake, fundi mwingine akabadilisha mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani), ikaniomba namba ya kurudishia. Tarakimu 48! Mimi namba ya simu ya mama yangu siijui. Ripoti ya chuo ikabaki humo hadi leo.

Betri Kavu:
Si uliambiwa uihifadhi pembeni?

Msomi Njaa:
Niliihifadhi. Kwenye laptop hiyohiyo.

Korosho Ghafi:
😂😂😂 Nimekaa pale.

Afande Mstaafu:
Kijana, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa. Nenda kituoni.

Mwana wa Feri:
Aende wamwambie alete kielelezo. Kielelezo ni video. Kituo kizima waitazame, na dakika ya saba wairudie.

Mpiga Mbizi wa Shangani:
Nyie si watu. Na shangazi yake binti anauza vitenge hatua ishirini kutoka pale. Kama alisikia "bwana harusi huyo kaja" nimekwisha.

Bi Chuno:
Bora wewe wanangu, feni ilisafishwa. Mimi fundi cherehani (mnamjua, anayesemaga "kesho asubuhi") nilimpa kitambaa mwezi wa kumi. Nimealikwa sherehe ya kumtoa mwali Mikindani, nafika, namkuta mkewe anacheza ndani ya gauni LANGU. Limemkaa kuliko lingenikaa mimi.

Mwana wa Feri:
Weeee!

Korosho Ghafi:
Bi mkubwa ulimfanya nini?

Bi Chuno:
Nimfanye nini, kaniona akaja kunikumbatia. Ananukia udi. "Dada, fundi wako ni mimi nilimwambia aongeze marinda."

Msomi Njaa:
Marinda mangapi? Huyo mke namhisi, aliwahi kuazima jiko letu la mkaa.

Mpiga Mbizi wa Shangani:
Jamani uzi ni wa laptop.

Afande Mstaafu:
Bi Chuno, gauni lilikuwa rangi gani? Nauliza kwa sababu na mke wangu ana kitambaa kwa fundi huyo.

Bi Chuno:
Zambarau, lina maua meupe mabegani.

Afande Mstaafu:
Ngoja nimuamshe.