Mrejesho: Mkeka wa mifuko ya mkate sasa umelala bapa

Asanteni jamani. Niliuliza kwa nini mkeka wa kroshia wa kuchangia makao ya wazee hapa Mombasa unajikunja kingo. Tatizo ni mkazo: sindano ya milimita 6 ni nyembamba mno kwa nailoni (plastiki ya mifuko). Kwa ya milimita 10 na ukanda wa mfuko wenye upana wa sentimita 5, umetulia.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya 2017, kwa hiyo natumia ya mkate. Ioshwe, la sivyo sisimizi hawabanduki. Ondoa mshono wa chini, kata pete kwa kukingama, uziunganishe kwa kitanzi. Fundo humchoma anayelalia. Hesabu vishono kila mstari, maana cha mwisho husahaulika na upana hupungua. Anika kivulini, jua huidhoofisha nailoni.

Je, pindo mnalimalizaje?