The Promised Neverland: mlitutoa Grace Field mkatutelekeza njiani

Wakuu, nina hasira na hii manga (hadithi ya picha ya Kijapani) na leo nazimwaga zote. Ambaye hajaimaliza aishie hapa, maana nataja nani kafa na nani kafufuka.

Sura 37 za mwanzo sidhani kuna wa kuzibishia. Watoto yatima wa nyumba ya Grace Field, mitihani kila siku, Isabella, mlezi wao wanayemwita Mama, anayewapenda, kisha wawili wao, Emma na Norman, wanampelekea mwenzao Conny mdoli wake getini na kukuta kageuzwa nyama ya mazimwi. Kuanzia hapo kila hatua wanailipia. Wanapanga kutoroka, Isabella anamvunja Emma mguu. Norman anachukuliwa akaliwe. Kifaa cha kuwafuatilia kiko sikioni, basi sikio la Emma linakatwa. Hakuna cha bure, na ndiyo maana Isabella alipofungua nywele na kuwatakia heri tulikabwa koo.

Sasa njoo sehemu ya mwisho. Norman kumbe hajafa. Haya, hilo nilimeza. Anarudi na hoja nzito kuliko zote: tuyamalize mazimwi kwa sumu, la sivyo tutaendelea kuliwa. Emma anakataa, hata mazimwi wana watoto. Wote wawili wana haki. Nikakaa mkao wa kula! Mtunzi akafanya nini? Akamleta Mujika, zimwi wa kike asiyekula watu, na damu yake: zimwi akiinywa hana tena haja ya kula watu. Ugomvi kwisha. Habari ya damu hiyo tulikuwa nayo mapema, sikatai, ila haimjibu Norman. Waliokwisha kuliwa miaka yote hiyo je? Nani anawajibika? Kimya.

Malkia wa mazimwi, Legravalima, anauawa, anafufuka, anakufa tena, mbiombio. Peter Ratri, binadamu aliye nyuma ya mashamba ya kulea watoto wa kuliwa, adui tuliyemsubiri kwa hamu, anaongea na Emma kidogo kisha anajiua. Isabella, ambaye kugeuka kwake kulistahili juzuu zima, tunamkuta kashageuka, na punde zimwi anamuua. Huku ni kulipua kazi, jamani.

Kinachoniuma zaidi ni bei ya ahadi mpya, mapatano Emma anayofanya na mungu wa mazimwi ili watoto wavuke kwenda dunia ya binadamu. Emma anawaambia wenzake hakudaiwa chochote. Tunanusa uongo, tunasubiri. Kumbe anapoteza familia yake na kumbukumbu zote! Safi, hiyo ndiyo manga niliyoianza. Halafu miaka miwili ya kumtafuta inapita kwenye kurasa chache tu, sura ya 181 wanampata, machozi, wanaungana, tamati. Uchungu wenyewe haukupewa hata nafasi ya kukaa.

Na msiniambie uwezo uliisha baada ya kutoroka. Goldy Pond je, ule uwanja wa mazimwi kuwinda watoto? Leuvis, zimwi mwindaji, alitisha kwelikweli, kila pambano lilikuwa na akili. Walijua kazi, waliamua tu kukimbilia mwisho. Anime nayo (katuni ya TV ya hadithi hii), msimu wa pili wa 2021, ikairuka Goldy Pond yote, na makubwa yaliyobaki ikayamaliza kwa picha zilizosimama. Hiyo hata kuitukana nashindwa.