Nataka kusomea uuguzi wa afya ya akili: nianzie wapi, na kazi yenyewe ikoje?

Binti wa Kibaigwa
Heshima kwenu wakubwa. Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne, nimefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kwa kiwango cha kawaida, na nia yangu ni kuwahudumia wagonjwa wa akili. Nyumbani jambo hili halijapokelewa vizuri: mama anahofia kwamba nitapigwa, na baba mdogo ameshanibandika jina la “nesi wa Mirembe”, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Naomba kufahamishwa kama kuna njia ya kusomea fani hii tangu mwanzo, ajira zake zikoje, na iwapo ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuwadhibiti watu wenye vurugu.

Zamu ya Usiku
Mdogo wangu, nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalowakimbiza wengi. Vurugu zipo, hasa siku mgonjwa anapoletwa akiwa amefungwa kamba na ndugu waliokesha naye hadi wakachoka. Lakini saa nyingi za zamu huishia katika kuangalia, kusikiliza na kuandika. Nani hajagusa chakula? Nani hajalala tangu juzi? Mgonjwa wa sonona aliyekuwa kimya kwa muda mrefu, kisha akachangamka ghafla na kuanza kuwagawia wenzake nguo zake, hunitia wasiwasi kuliko yule anayegonga mlango na kutukana, kwa sababu huyo wa kwanza huenda ameshaamua kujiua na anaaga.

Wakati wa dawa usimkabidhi mgonjwa vidonge ukageuka: subiri ameze, zungumza naye kidogo, kwani wapo wanaovificha chini ya ulimi. Utajifunza pia madhara ya dawa zenyewe. Mtu aliyeanzishiwa haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa wa akili, anaweza kukakamaa shingo ikapinda upande mmoja na macho yakaelekea juu, ndugu wakaamini kwamba mashetani yamepanda na wakataka kumwondoa hospitalini, ilhali ni dawa tu iliyomfanya hivyo, na akipewa dawa ya kutuliza madhara hayo, kama benziheksoli, hulegea. Muuguzi anayeweza kuwaeleza ndugu hao kwa upole, papo hapo, huenda akamwokoa mgonjwa huyo asiache tiba.

Kuhusu kupigwa, hatari ipo na sitakuficha. Hata hivyo tunafundishwa kutomkabili mgonjwa peke yetu, kutomzibia njia ya kutokea, na kushusha sauti kadiri yake inavyopanda.

Mkufunzi Mstaafu
Naomba nijibu upande wa masomo. Njia iliyozoeleka ni kupata kwanza uuguzi wa jumla, kwa stashahada ya uuguzi na ukunga ya miaka mitatu, ambayo kwa mhitimu wa kidato cha nne huangalia masomo hayohayo uliyoyataja. Afya ya akili hufundishwa humo na wanafunzi hupelekwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Ukihitimu, utafanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ili upate usajili na leseni, kisha ndipo ubobee. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), kwa mfano, kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili. Binafsi sioni kwamba kuanza na uuguzi wa jumla ni kupoteza muda, maana mgonjwa wa akili naye hupata malaria, kisukari na ujauzito, na malalamiko yake hupuuzwa kwa kuwa tu “ana kichaa”.

Ukipata nafasi ya mafunzo ya vitendo Lutindi, kule Korogwe, usiiache. Mahali hapo palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo kazi za mikono ni sehemu ya tiba.

Mratibu wa Wilaya
Naongeza jambo moja kuhusu ajira, kwa sababu wengi hudhani kwamba fani hii inaishia Mirembe na Isanga, kituo cha wagonjwa wa akili wenye kesi za jinai. Matangazo mengi ya serikali huita waombaji kama wauguzi tu, na unaweza kupangiwa wodi ya watoto kwa miaka kadhaa kabla hujaona wodi uliyoitamani. Hilo linavunja moyo, na ningependa lirekebishwe. Lakini ukiwa katika hospitali ya wilaya na ukajulikana kwamba unaipenda kazi hii, kliniki ya afya ya akili utaachiwa wewe, mara nyingi peke yako. Siku ya kliniki utawakuta wenye kifafa wakiwa wengi, akina mama waliobadilika baada ya kujifungua, vijana wa pombe na bangi, na wale wanaochomwa dawa ya akili kwa sindano ya kila mwezi, ambao asipofika mmoja wao inakubidi upige simu kwa ndugu au kwa mtendaji wa kijiji.

Binti wa Kibaigwa
Nashukuru sana. Je, mwanamke hupangiwa wodi ya wanaume?

Zamu ya Usiku
Hupangiwa, mdogo wangu, ila usiku hakikisha hamko wanawake watupu kwenye zamu. Mwambie mama hilo kwanza, huenda akapoa.