Mjadala: Uingereza ilikosea kuacha ngano ya nje iingie bila ushuru?

Wakuu, inarudiwa sana kwamba Uingereza iliua kilimo chake kwa kung'ang'ania soko huria, huku Kansela Bismarck akiweka ushuru Ujerumani mwaka 1879. Sikubaliani.

Kweli hali ilikuwa mbaya. Mwaka huohuo mvua iliharibu mavuno. Zamani mavuno yakiharibika bei ilipanda, mkulima akapata afueni. Safari hii haikupanda, kwa sababu reli za Marekani na meli za mvuke zilikuwa zinamwaga ngano bandarini. Kwota moja ya ngano (quarter, kipimo cha nafaka cha Waingereza) iliyouzwa shilingi 56 mwaka 1877 ilishuka hadi kama 23 mwaka 1894. Huko Essex, mashariki mwa Uingereza, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, wapangaji walishindwa kulipa kodi ya pango na mashamba yakaota majani.

Sasa tazameni nani aliyachukua. Wafugaji wa Ayrshire, Scotland, walihamia na ng'ombe wao, wakapanga kwa bei ya chini, wakakamua wenyewe na wake na watoto wao, maziwa yakapanda treni kwenda London. Ardhi ilibaki na kazi. Walioumia kweli ni makabaila, wenye ardhi waliozoea kodi nono, na ndio waliopiga kelele kuliko wote. Hata Fair Trade League ya 1881, chama cha waliotaka ushuru, pamoja na maneno yao yote ya kutetea viwanda, walitaka pia chakula cha kigeni kitozwe ushuru. Mfanyakazi wa kiwandani angelipa.

— Mkuu, umemsahau kibarua. Ng'ombe hawahitaji mikono mingi kama ngano, ndiyo maana vijiji vilihamia mjini na ng'ambo. Halafu viwanda: Marekani walipoweka ushuru wa McKinley, ushuru mkubwa kwa bidhaa za nje, mwaka 1890, mabati ya makopo ya Wales Kusini yalikosa soko lake kubwa, watu wakakaa bila kazi. Na bado bidhaa za Marekani ziliendelea kuingia Uingereza bure. Huo ni ungwana au ujinga?

— Suala la kibarua ni zito, sibishi. Ila ushuru wa London usingewalazimisha Wamarekani kununua mabati ya Wales. Mwanasiasa Joseph Chamberlain aliuza hoja yako ya ushuru nchi nzima kuanzia 1903. Wapinzani wake wakabandika picha za mkate mkubwa (wa soko huria) na mdogo (wa ushuru), na uchaguzi wa 1906 chama chake kikagaragazwa. Walaji waliielewa hesabu. Mwenye njia ya kumlinda kibarua bila kugusa bei ya mkate, aimwage hapa.